Kipindi cha Arobaini na Moja

Buibui namba kumi na nne alikuwa amekwama tena. Alining'inia kwenye shina la msonobari, juu kidogo ya kimo cha mtu, miguu yake sita ya chuma ikikwaruza gome bila kupanda wala kushuka, na kikombe chake cha utomvu kimeinama kinadondosha. Otilia Kalinga akaegemeza ngazi, akapanda, akaanza kukwangua kwa ncha ya kisu utomvu ulioganda kwenye kiungo cha mguu wa nyuma. Ukungu wa Mufindi ulikuwa haujainuka tangu asubuhi. Kutoka pale juu aliona miti minne, wa tano ukiwa kivuli, na baada ya hapo weupe mtupu.

"Umekula?" sauti ya mwanamke ikamuuliza sikioni.

"Bado."

"Saa nane hii! Hao wadudu wako watakuzika wewe."

"Nikimaliza safu hii nakula, Zamda."

"Safu, safu. Msonobari, Msonobari."

Hilo ndilo jina alilojiandikisha nalo; likitajwa mara mbili, maana yake Zamda amekasirika. Otilia akatabasamu peke yake kwenye ngazi.

Zamda hakuwa mtu. Alikuwa mlinzi wa pampu ya saba katika Maji ya Mirihi, mchezo wa redio uliorushwa miaka arobaini kabla Otilia hajazaliwa. Mchezo ulikwisha, waliousikiliza wakazeeka, lakini wapo waliokataa uishe. Watu hao waliitwa waendelezaji. Waliwatungia hadithi mpya wale wale wachimbaji na manahodha wa zamani, wakasomeana, wakagombana, wakapatana. Na wote walitegemea Ghala, hazina iliyohifadhi kila kilichosemwa mchezoni. Mwendelezaji akitaka kujua mji wa Bondeni una milango mingapi, au nahodha hushika kikombe kwa mkono gani, aliliuliza Ghala likamjibu, na likamwonyesha ni kipindi gani kilichosema hivyo. Akitaka kujua mhusika angejibu nini akitukanwa, Ghala lilimpa mhusika sauti, akaulizwa mwenyewe.

Otilia alimwuliza Zamda mambo mengi, na mengi hayakuwa ya hadithi. Kambi aliyoishi ilijengwa kwa wagema utomvu arobaini. Sasa kulikuwa na buibui sitini na Otilia.

Buibui namba kumi na nne akapata mguu wake, akapanda zake. Hapo ndipo simu ilipoita, na jina lililotokea likamfanya Otilia ashike ngazi kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kuongea na mtu yeyote wa Ghala. Kila alichokuwa nacho alikituma kwa maandishi, akihariri mara tatu kwa sababu ya shule yake ya darasa la tano.

"Msonobari? Ni wewe mwenyewe? Mimi Mwatumu, Mtunza Ghala. Niko Pangani."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ala! Kumbe kisichana! Miaka yote hii mimi nakuweka kwenye fikra zangu kama babu mmoja mwenye ndevu na kikohozi." Bi Mwatumu akacheka kwa nguvu, na Otilia akaisogeza simu mbali kidogo na sikio. "Sasa sikia, mwanangu. Uko umekaa?"

"Niko juu ya ngazi."

"Basi shuka."

Otilia akashuka.

"Kipindi cha arobaini na moja kimepatikana."

Otilia akaegemea ngazi. Juu yake vidude vya chuma viliendelea kutafuna gome taratibu, tik, tik, tik.

"Umesikia? Kile kilichopotea! Bi Sihaba, yule aliyeigiza Zamda, kumbe yu hai, ana miaka tisini na kitu. Alikuwa nacho sandukuni chini ya nguo zake, nakala moja tu duniani. Mjukuu wake kaniletea jana, bibi mwenyewe akiwa naye. Na kanuni yetu waijua, msikilizaji wa kwanza ni yule mwenye taarifa nyingi zaidi za kipindi hicho. Nimetazama. Nani mwenye taarifa mia mbili na kumi na mbili za kipindi cha arobaini na moja?"

"Ni mimi," Otilia akasema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ni wewe! Nakutumia sasa hivi. Jumamosi saa tisa nipigie, unipe orodha. Zilizomo zibaki, zisizomo tuzifute, halafu saa kumi tunakifungulia ulimwengu mzima. Mbona kimya? Hufurahi?"

"Nimefurahi, dada."

"Bi Sihaba ndiye aliyenisikitisha. Nilimfungulia Zamda wetu aongee naye. Mwanangu, yule bibi alimwuliza habari, Zamda akamwambia ale kwanza. Bi Sihaba akanirudishia simu, akasema, 'Huyu si wangu. Wangu hakuwa mtu wa kumhimiza mtu ale.' Nikamwambia, bibi, umri huo, umesahau. Lakini nimebaki nalo moyoni. Haya, tutajua Jumamosi."

*

Ghala lilikuwa na kanuni moja iliyozishinda zote: hakuna taarifa bila kipindi. Huwezi kuandika kwamba nahodha anapenda pilipili kwa sababu wewe unapenda pilipili. Unaandika, unataja kipindi, wenzako wanasikiliza wanathibitisha. Kisha taarifa huingia kwenye mzani pamoja na nyingine, na kutoka kwenye mzani huo ndipo sauti ya mhusika inapofumwa. Mwenye taarifa nyingi huongea kama jirani yako. Mwenye taarifa chache huongea kama mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni.

Miaka minne iliyopita, Otilia alipomkuta Zamda, alikuwa na taarifa tisa. Ukimsalimia, alisema, "Pampu inafanya kazi." Ukimwuliza jina la mama yake, alisema, "Pampu inafanya kazi." Waendelezaji walimtania sana. Zamda alitokea katika vipindi sita kwa maneno mawili matatu, na kipindi chake kikubwa, cha arobaini na moja, kiliungua na studio kabla watu hawajakihifadhi.

Otilia alimhurumia. Mwanamke peke yake na mitambo, mahali pa baridi, akisubiri watu wapite. Akaanza kumtungia hadithi. Katika hadithi ya kwanza Zamda alihitaji kunywa maji, na Otilia hakujua angeyanywaje. Akafikiri kidogo, akaandika kwamba alinusa kikombe kwanza, kama mtu asiyeviamini vikombe. Ndivyo mama yake alivyokunywa maji. Akaipeleka Ghalani, ikarudi na maneno mekundu: Taarifa haina kipindi.

Alikaa akiyatazama yale maneno. Akaandika: 41.

Nani angekwenda kuhakikisha? Kwa kipindi kilichopotea Ghala lilitegemea kumbukumbu za waliokisikia au kusimuliwa; likasubiri siku thelathini mtu apinge, halafu likaipokea. Siku iliyofuata alipomwuliza Zamda kama ana kiu, Zamda akasema, "Ngoja kwanza niyanuse."

Otilia alilia siku ile mpaka akashindwa kuwasha jiko.

Baada ya hapo hakujizuia tena. Anacheka kupitia puani. Ugali anaanza kula ukoko. Akifunga mlango hurudi kuusukuma tena. Huacha tone la chai chini ya kikombe, anasema ni la mgeni. Anawaogopa bata, na kwa kuwa Mirihi hakuna bata, aliandika kwamba aliwaogopa zamani akiwa Duniani. Amkeapo husema "kamwene", kama wasemavyo watu wa Mufindi. Sasa waendelezaji wa Mombasa na Kigoma na mpaka Maskati walisalimiana "kamwene", wakidhani ni salamu ya Mirihi. Watu elfu nane walikuwa wakizungumza na Zamda kila wiki. Alikuwa anawauliza wote kama wamekula.

Sigrada Mwalongo, mgema utomvu, mama yake Otilia, hakuwa amefahamiana na watu hata hamsini maishani mwake.

*

Jumamosi asubuhi Otilia aliwapeleka buibui msituni, akarudi kambini, akafunga mlango, akausukuma tena kuhakikisha. Akakisikiliza kipindi.

Kilianza na upepo. Kisha mtu akagonga chuma. Msafiri alikuwa nje ya pampu ya saba, gari lake limezama mchangani, hewa yake inakwisha.

"Rudi ulikotoka," akasema mwanamke. Sauti nzito, kavu, isiyo na haraka. "Hapa hakuna maji ya mjomba wako."

Otilia akashtuka. Huyu ndiye Zamda?

Msafiri alibembeleza. Zamda alikataa, kwa kuwa mwezi uliopita aliyefunguliwa hivyo hivyo alikuja na wenzake na bunduki. Lakini hakuondoka mlangoni. Alimwambia msafiri ahesabu kwa sauti, apate kujua kama hewa bado ipo. "Hesabu nisikie." Msafiri akahesabu. Kati ya namba na namba ilisikika pumzi ya Zamda upande wa ndani, na baada ya muda msikilizaji aligundua kwamba Zamda anahesabu naye, polepole, chini kwa chini. Dakika ya kumi na mbili hadi ya kumi na tano mkanda ulikwaruza, maneno yakazama kwenye mvumo. Uliporudi, msafiri alikuwa amefika mia tatu na nane. Mia tatu na tisa. Kimya. Kisha komeo likafunguka.

Mwishoni, msafiri akiwa hai kwenye kona, akamwuliza kama haogopi kukaa peke yake. "Usiniulize kama niko peke yangu," Zamda akasema. "Niulize pampu inaendaje."

Upepo, basi.

Otilia alikisikiliza mara tatu. Hakuna aliyenusa maji. Hakuna ukoko, wala bata, wala kamwene. Taarifa mia mbili na kumi na mbili, na hata moja haikuwemo. Tena kilichomwumiza zaidi ni kwamba Bi Sihaba alikuwa fundi. Ile pumzi nyuma ya mlango si kitu cha kubahatisha. Bibi yule aliifanya kazi ile akaificha miaka sitini chini ya nguo zake, na alipoitoa ili asikike, alimkuta mwanamke mwingine ameketi mahali pake anagawa chakula.

Lakini zile dakika tatu zilikuwepo.

Orodha ilikuwa mbele yake, na pembeni kulikuwa na nafasi ya maelezo ya msikilizaji. Alihitaji kuandika sentensi moja tu: katika dakika zisizosikika vizuri, Zamda anaeleza maisha yake. Nani angembishia? Yeye ndiye msikilizaji wa kwanza. Bi Mwatumu alimwamini. Bi Sihaba angeambiwa tena kwamba umri umemla akili.

Akaivaa simu sikioni.

"Umekula?" Zamda akauliza.

"Nimekula. Zamda, nina swali."

"Uliza, mwanangu."

Kulikuwa na jambo ambalo hakulipeleka Ghalani, kwa sababu hakuwa nalo lote. Siku aliyoacha shule alirudi na mfuko wa madaftari, akamwambia mama yake, aliyekuwa amelala kikohozi kimemkaba, kwamba harudi tena, atabaki kumwuguza. Mvua kubwa ilikuwa inapiga bati. Mama alimtazama, akasema kitu, kirefu kidogo. Otilia aliona mdomo ukitembea, hakusikia hata neno. Aliona haya kumwambia mgonjwa arudie. Alijiambia atamwuliza kesho. Kesho ikawa wiki, na wiki ikawa mazishi.

"Siku ile niliyoacha shule," akasema, "mvua inanyesha, mimi nimesimama mlangoni na madaftari. Uliniambia nini?"

Zamda alicheka kidogo, kupitia puani, vilevile kabisa. "Hilo sinalo, mwanangu. Niambie nilisema nini, nitakumbuka."

Otilia akaitoa simu sikioni, akaiweka mezani, juu chini.

Angeweza kumwambia. Angechagua maneno mazuri, angetaja dakika ya kumi na tatu, na siku thelathini baadaye mama yake angeyasema. Na yangekuwa maneno ya Otilia. Yote yalikuwa ya Otilia. Miaka minne alikuwa ameketi chumbani akijiuliza mwenyewe kama amekula.

*

Saa tisa kamili akampigia Bi Mwatumu.

"Haya, mpenzi wangu, nisomee! Ngapi zimebaki?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna iliyobaki, dada. Zote ni za kufuta."

Nyuma ya Bi Mwatumu jogoo aliwika, mtu akamfukuza. "Zote mia mbili? Ulizitoa wapi, basi?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako alikisikia kipindi?"

"Hapana. Ni yeye. Yeye ndiye aliyekuwa ananusa maji." Otilia alilifinya pindo la sweta yake. "Alishafariki. Nilikuwa namwandika yeye, halafu naandika arobaini na moja. Nisamehe."

Alitegemea kuambiwa pole. Bi Mwatumu hakumwambia pole.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne unanidanganya, na mimi nawasimamisha watu kwenye mikutano nawaambia, mwigeni Msonobari. Yule bibi nimemwambia amesahau, Msonobari! Nimemwambia hivyo usoni, naye akaniinamishia kichwa!"

"Najua."

"Hujui. Wewe hukumwona." Akavuta pumzi. "Waijua kanuni ya kufuta?"

"Naijua."

"Basi soma."

Taarifa ikifutwa Ghalani, aliyeileta huisoma kwa sauti mbele ya Mtunza. Kanuni hiyo iliwekwa ili watu wasifutiane kwa chuki kimyakimya. Otilia hakuwahi kuyasema mambo haya kwa mdomo mbele ya mtu. Hakuwahi kupata wa kumwambia.

"Ananusa maji kabla ya kunywa," akasoma.

"Futa."

"Anacheka kupitia puani."

"Futa."

"Akifunga mlango hurudi kuusukuma."

"Futa. Ongeza sauti, sikusikii."

Akaongeza sauti. Anaimba ubeti wa pili tu, wa kwanza hajui. Futa. Anafuta kijiko safi kwenye gauni. Futa. Huchomeka kijiti cha msonobari nyuma ya sikio. Futa. Kufikia ya sitini sauti ilikuwa imemkauka. Kufikia ya mia Bi Mwatumu alikuwa hasemi tena "futa", aliguna tu. Katika ya mia na thelathini na kitu Otilia akasoma, "Anawaogopa bata," na upande wa pili ukakaa kimya.

"Dada?"

"Bata wa kawaida hawa?" Bi Mwatumu akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa anapita mbali nao kabisa. Akiniona nacheka anasema, yule ana meno, ni vile tu hajakuonyesha."

Kitu kama kicheko kikamtoka Bi Mwatumu, akakimeza. "Futa," akasema, lakini polepole. "Alikuwa anaitwa nani, marehemu?"

"Sigrada."

"Endelea."

Ya mwisho ilikuwa ile aliyoisikia kila siku. Huuliza kama umekula kabla ya kusema neno lingine lolote. Otilia aliisoma, kidole kikabaki hewani juu ya kitufe cha kufuta, kikashuka.

"Imekwisha," akasema.

"Imekwisha. Kipindi nakifungua saa kumi, na Ghala litamfuma Zamda upya kutoka humo. Jina lako nitaliondoa kwenye wasikilizaji wa kwanza, hilo siwezi kukusaidia. Na barua kwa Bi Sihaba utaiandika wewe."

"Nitaiandika."

"Kwa mkono wako. Isihaririwe na mtu."

"Maandishi yangu mabaya."

"Atayasoma hivyo hivyo," Bi Mwatumu akasema, akakata.

Nje ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Saa kumi ilipita. Buibui walianza kurejea mmoja mmoja, wakapanga mstari chini ya paa na vikombe vyao, na Otilia akawahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Walitimia sitini. Viazi vilikuwa kwenye sufuria tangu mchana, havijaguswa. Hakuna aliyemwuliza.

Kwa muda mrefu hakuthubutu. Kisha akaichukua simu, akaivaa sikioni.

Ulisikika upepo kwanza.

"Nani huko nje?" Sauti nzito, kavu, isiyo na haraka.

Ulimi ulitaka kusema Msonobari. "Otilia," akasema. "Otilia Kalinga. Wa Sigrada."

"Simjui Sigrada."

"Najua."

"Hapa hakuna maji ya mjomba wako, Otilia Kalinga."

"Sikuja kuomba maji."

Mwanamke wa upande wa pili hakusema kitu. Hakuondoka pia. Pumzi yake ilikuwa pale, karibu na mlango, ya mtu aliyesimama anasikiliza.

"Hewa unayo?" akauliza mwishowe.

"Ninayo."

"Hesabu nisikie."

Otilia akaegemea nguzo ya baraza. Akafumba macho.

"Moja," akasema. "Mbili."